KAWIA UFIKE AU NGOJA NGOJA? SOMO KUHUSU KESI ZA WAKUBWA

  

Sababu ya kuandika ni mjadala wetu wa muhula wa pili. Mada ilikuwa "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma". Mpinzani mmoja alisimama akasema maneno machache tu: "Bwana Spika, mkubwa hafungwi." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata sisi wa upande wa pili tulicheka. Lakini nilipofika nyumbani, kicheko kile kilinikera. Ikiwa wanafunzi wa miaka kumi na sita tumeshaamini kwamba mkubwa hafungwi, basi somo la Katiba katika Historia na Serikali tunalisoma la nini? La kupitia mtihani tu?

Nikaanza kuuliza na kusoma magazeti ya zamani na vitabu vya maktaba. Nimegundua kwamba maneno ya yule mpinzani ni nusu ya ukweli. Mara nyingi mkubwa hashindi kesi. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba kesi haifiki mwisho. Hili ndilo somo langu la leo.

1. METHALI MBILI ZINAZOGOMBANA

Kiswahili kina methali za kusifu kukawia. Tunaambiwa kawia ufike. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka, na subira huvuta heri. Lakini wazee hao hao wakatuachia na hii: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sasa mahakamani tufuate ipi? Ukifikiri vizuri utaona hazigombani. "Kawia ufike" ina sharti ndani yake, nalo ni kufika. Dereva wa matatu akipunguza mwendo kwenye kona, abiria wanafurahi kwa sababu wanajua watafika Ukunda. Lakini dereva akisimamisha gari kila kituo, akashuka kunywa chai, akabadilisha gurudumu ambalo halijatoboka, huyo hakawii ili afike. Huyo hataki kufika. Basi tuna kesi zinazokawia kwa sababu haki inataka uangalifu, na kesi zinazocheleweshwa na mtu anayeogopa mwisho wake. Ukizitazama kwa nje zinafanana sana.

2. MSAMIATI WA MAHAKAMANI

Kabla ya kuendelea, tuelewane kwa maneno haya, maana tunayasikia redioni kila siku.

Kutajwa: kesi kuitwa mbele ya hakimu ili kuona kama iko tayari. Siku ya kutajwa hakuna shahidi anayeulizwa lolote. Watu wengi hawajui hili. Wanapanda matatu kutoka Vanga au Kikoneni mpaka mjini Kwale, wakifika wanaambiwa kesi ilikuwa ya kutajwa tu, warudi mwezi ujao.

Kusikilizwa: siku ambayo mashahidi wanasimama na kuulizwa maswali.

Kuahirisha: kusogeza mbele. Kesi ikiahirishwa mara nyingi watu husema imepigwa kalenda.

Rumande: mahali anapokaa mshtakiwa ambaye hajahukumiwa na hakupata dhamana.

Dhamana: ahadi, mara nyingi ya pesa, kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani.

Zuio: amri ya mahakama ya juu kwamba kesi ya chini isimame kwanza.

Rufaa: kupeleka uamuzi kwenye mahakama ya juu ili uangaliwe tena.

Kushika neno moja moja ni rahisi. Kazi ni kuona jinsi yanavyofungamana.

3. MFANO MKUBWA: GOLDENBERG

Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi wetu wanalikumbuka jina hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilikuwa na njaa ya pesa za kigeni. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipa fidia wafanyabiashara waliouza bidhaa nje ya nchi, asilimia 20 ya thamani ya walichouza. Kampuni moja iliyoitwa Goldenberg International, ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, ikapewa nyongeza ya asilimia 15, jumla asilimia 35. Maana yake ni kwamba ukisema umeuza nje dhahabu ya shilingi 100, serikali inakupa 35 juu yake.

Kampuni ilisema inauza dhahabu na vito vya almasi. Hebu jiulize, Kenya ina machimbo gani ya almasi? Hakuna. Dhahabu nayo ilikuwa kidogo sana. Lakini makaratasi yalisema imeuzwa, na fidia ikalipwa. Mabilioni ya shilingi ya umma yakatoka hivyo. Bei za vitu zikapanda na shilingi ikaanguka, mambo ambayo mpaka leo bibi yangu akiyataja hushika kichwa.

Aliyeona makaratasi hayo ni karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliona hesabu haziingii akilini, akawapa wabunge wa upinzani nakala. Mwaka 1993 jambo likafika Bungeni. Na nani alikuwa wa kwanza kushtakiwa? Ni Munyakei! Alikamatwa akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi yake haikupigwa kalenda miaka na miaka. Iliisha, akaachiliwa huru, lakini kazi yake hakurudishiwa. Akahamia huku kwetu Pwani, akaishi Mombasa.

Sasa fuata kalenda ya upande wa wakubwa. Mwaka 1994 Chama cha Mawakili cha Kenya kilijaribu kufungua mashtaka chenyewe, kwa kuwa serikali ilikuwa imekaa kimya. Mahakama ikakataa. Kesi nyingine zikafunguliwa, zikazunguka, zikasimama. Miaka ikapita. Serikali ya Rais Moi ikaondoka mwisho wa 2002. Mwaka 2003 Rais Kibaki akaunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire. Munyakei akaitwa kutoa ushahidi, naye akautoa. Tume ikamkabidhi Rais ripoti yake Februari 2006, na mmoja wa waliotajwa humo alikuwa Profesa George Saitoti, ambaye wakati wa sakata alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Fedha. Wakati ripoti inatoka alikuwa Waziri wa Elimu. Alijiuzulu akaenda Mahakama Kuu kujitetea.

Tarehe 31 Julai 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sehemu za ripoti zilizomtaja vibaya zifutwe, na asishtakiwe kwa jambo hilo. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa muda. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita tangu mambo hayo kujulikana, na Katiba ya wakati ule ilimpa kila mtu haki ya kusikilizwa katika muda unaofaa. Kumshtaki baada ya muda mrefu hivyo kungevunja haki yake. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa amerudi katika Baraza la Mawaziri.

Soma aya hiyo tena, mwenzangu, maana hapo ndipo penye kiini cha somo. Haki ya kutocheleweshewa kesi iliwekwa ili kumlinda mnyonge asiozee rumande. Lakini hapa ucheleweshaji wenyewe uligeuka kuwa mlango wa kutokea. Miaka ambayo serikali ilikataa kushtaki, na hiyo ilikuwa serikali ya wakubwa wenyewe, ikahesabiwa kuwa sababu ya kutoshtaki tena milele.

Ni lazima niseme jambo moja kwa haki. Profesa Saitoti alisema siku zote kwamba hakufanya kosa, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Mimi pia simtii hatiani. Alifariki katika ajali ya helikopta Juni 2012. Ikiwa alikuwa hana hatia, alistahili hakimu aseme hivyo baada ya kusikiliza mashahidi. Ikiwa alikuwa nayo, wananchi walistahili kujua. Ucheleweshaji uliwanyima wote wawili jibu. Ndiyo maana nasema kesi isiyofika mwisho humdhulumu hata mtu safi.

Na Munyakei je? Alifariki Julai 2006, mwezi ule ule wa uamuzi, akiwa maskini. Kesi za wakubwa ziliishi kuliko maisha ya shahidi.

Pattni naye alishtakiwa upya mwaka 2006. Mwaka 2013 jaji mmoja wa Mahakama Kuu, Joseph Mutava, akasimamisha mashtaka hayo. Baadaye jopo maalum lilichunguza jinsi jaji huyo alivyoishughulikia kesi hiyo, na mwaka 2016 likapendekeza aondolewe kazini. Tangu 1993 mpaka 2013 ni miaka 20. Mtoto aliyezaliwa jambo lilipofika Bungeni alikuwa ameshapata kitambulisho na kupiga kura.

4. NJIA ZA KUPIGA KALENDA

Nimeuliza watu wanaofanya kazi karibu na mahakama, na nimesoma habari za kesi nyingi. Njia za kuchelewesha kesi ni zile zile, na nyingi ni halali zikitazamwa moja moja.

(a) Wakili mpya. Siku ya kusikilizwa mshtakiwa anakuja na wakili mwingine. Wakili anaomba muda wa kusoma faili, na ana haki hiyo. Baada ya miezi sita anakuja mwingine.

(b) Ugonjwa. Mtu juzi alikuwa jukwaani akiruka na kucheza, leo yuko kitandani na barua ya daktari. Wagonjwa wa kweli wapo, tusiwacheke, lakini wananchi nao wana macho.

(c) Ombi la kikatiba. Kesi ikiwa kwa hakimu, mshtakiwa anakimbilia Mahakama Kuu kusema haki zake zinavunjwa, anaomba zuio. Akishindwa huko anakwenda Mahakama ya Rufaa. Tangu 2011 tuna pia Mahakama ya Juu. Kila ngazi ina kalenda yake, na kule chini kesi imelala.

(d) Kumkataa hakimu kwa madai kwamba ana upendeleo. Hakimu akijitoa, anayekuja huenda akalazimika kuanza upya.

(e) Upande wa mashtaka. Jamani, tusiwalaumu mawakili wa utetezi peke yao. Mara nyingine ni serikali inayochelewa kuleta nyaraka, inayosema shahidi hakupatikana, au inayopoteza hamu kabisa baada ya wakubwa kupatana kisiasa.

(f) Wakati wenyewe. Hii haihitaji wakili. Mashahidi huhama, husahau, huogopa, hufa. Karatasi huliwa na mchwa. Hakimu huhamishwa au hustaafu. Mshtakiwa akipata miaka kumi, wakati unamfanyia kazi bila mshahara.

Wenzetu wa nchi nyingine wanayajua haya pia. Huko Afrika Kusini Jacob Zuma alishtakiwa mara ya kwanza 2005 kuhusu mkataba wa silaha. Kesi ikaondolewa, ikarudishwa Desemba 2007, ikafutwa Aprili 2009, na mwezi uliofuata akawa Rais. Mashtaka yakarudi 2018 baada ya yeye kutoka madarakani, na Mei 2021 ndipo aliposimama kizimbani kusema hana hatia. Ni miaka 16 kabla ya kujibu "ndiyo" au "siyo". Wenyeji huita mbinu hiyo Stalingrad, kwa jina la mji uliopiganiwa nyumba kwa nyumba katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila ombi ni nyumba, na kila nyumba ni lazima ipiganiwe.

5. KWA NINI KUCHELEWA KUNA FAIDA

Tufanye hesabu kidogo. Muhula wa gavana au mbunge ni miaka 5. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 99, inamzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kizuizi hakianzi kazi mpaka nafasi zote za rufaa ziwe zimekwisha. Magavana nao wana kizuizi kama hicho. Hii ni kanuni nzuri, kwa kuwa hakimu anaweza kukosea na mtu akaharibiwa jina bure. Lakini tazama inavyofanya kazi mikononi mwa mjanja. Kesi ikichukua miaka 6 na rufaa miaka 4, huo ni muda wa kupitia chaguzi mbili. Mtu anagombea akiwa na kesi na anashinda. Akishinda anasema, "Wananchi wenyewe wamenihukumu, wameniona niko safi." Kura inageuzwa kuwa hukumu. Lakini sisi tukipiga kura hatuoni ushahidi. Tunaona fulana, unga na noti ya mia mbili.

Kwa mnyonge mambo ni kinyume. Mtaani kwetu kuna kijana mmoja alishtakiwa kwa kuiba nazi katika shamba la mtu. Simtaji jina wala mahakama. Dhamana ilikuwa ndogo, lakini mama yake anauza mbaazi na mahamri, angeitoa wapi? Kijana akakaa rumande zaidi ya miezi minne. Mlalamishi hakuja mara ya kwanza, hakuja mara ya pili, na mara ya tatu kesi ikafutwa. Alirudi amekonda, na nafasi yake ya kazi ya ujenzi huko Diani imechukuliwa na mwingine. Hakuhukumiwa kosa lolote, lakini adhabu alishaitumikia.

Linganisha. Mnyonge akicheleweshewa kesi, anaadhibiwa kabla ya hukumu. Mkubwa aliye nje kwa dhamana, ofisini kwake, na mshahara mfukoni, akicheleweshewa kesi anapewa zawadi. Sheria ni ile ile na neno ni lile lile, "imeahirishwa". Mmoja analia na mwingine anapungia watu mkono kutoka kwenye gari.

6. KWETU KWALE

Msidhani haya ni ya Nairobi tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Ghasia zikaenea Likoni mpaka upande wetu wa Kwale. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu wakahama, hasa watu wa bara waliokuwa wakiishi na kufanya kazi hapa. Biashara ya utalii Diani ikaanguka na vibarua wengi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Jina la Kaya Bombo, msitu wetu mtakatifu huko Matuga, likaharibika nchi nzima kwa sababu vijana walikutanishwa humo kula kiapo na kupata mafunzo.

Vijana wengi walikamatwa na kukaa rumande, kisha kesi nyingi zikaanguka kwa kukosa ushahidi. Tume ya Jaji Akiwumi ilianza kazi 1998 kuchunguza ghasia za kikabila nchini, ikamaliza ripoti 1999. Ripoti hiyo ilitaja watu waliostahili kuchunguzwa zaidi, wakiwemo wanasiasa. Lakini ilifungiwa mpaka Oktoba 2002 ndipo wananchi wakaisoma. Ni miaka mitatu kabatini. Hakuna mwanasiasa mkubwa aliyehukumiwa kwa damu ile. Baadhi ya waliotajwa wameshafariki, na waliopoteza jamaa zao nao wengi wameshazeeka.

Hapa tunajifunza kwamba kesi inaweza kupigwa kalenda hata kabla ya kufika mahakamani. Kuficha ripoti ni kuahirisha. Kukataa kuchunguza ni kuahirisha. Na wanaobaki na aibu ni wadogo. Mpaka leo mtu akitaja Kaya Bombo hutazamwa sisi Wadigo, hawatazamwi waliopanga.

7. JE, TUFANYE KESI ZOTE MBIO?

Mwalimu wangu mmoja alisoma rasimu ya makala haya akaniuliza swali gumu: "Wewe ukishtakiwa kwa uongo, utataka kesi ikimbizwe?" Nilifikiri sana. Jibu ni hapana. Ningetaka wakili asome faili. Ningetaka rufaa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema kila mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na apewe muda na nafasi ya kutosha ya kujitayarisha. Nchi ambazo hakimu anahukumu kwa siku moja si mahali pa kuishi. Wakati wa chama kimoja hapa Kenya, mwaka 1986 na 1987, washukiwa wa Mwakenya walifikishwa mahakamani hata jioni, bila mawakili, wakakiri na kufungwa siku ile ile. Ile haikuwa haki, ilikuwa haraka haraka isiyo na baraka.

Lakini Kifungu hicho hicho cha 50 kinasema kesi ianze na iishe bila kuchelewa kusikofaa. Na Kifungu cha 159 kinawaamuru mahakimu na majaji kwamba haki isicheleweshwe, na itolewe kwa wote bila kujali hadhi ya mtu. Kwa hivyo tukiona tarehe mpya imetolewa, tuulize maswali mawili: nani ameomba tarehe hii, na nani anafaidika nayo? Ukiyajibu hayo utajua kama ni "kawia ufike" au ni "ngoja ngoja".

8. DAWA

Sikupenda kuandika malalamiko matupu. Dawa zipo, na nyingine zimeshaanza kutumika.

Kwanza, sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 inasema kesi za ufisadi zisikilizwe siku baada ya siku kadiri iwezekanavyo mpaka ziishe. Hiyo ni sheria tayari, inangoja kufuatwa tu.

Pili, Katiba ya 2010 ilimnyang'anya kiongozi wa mashtaka uwezo wa kufuta kesi kimya kimya. Akitaka kuiondoa ni lazima apate ruhusa ya mahakama. Zamani Mwanasheria Mkuu alitosha.

Tatu, na hii ndiyo dawa kali kuliko zote, ni kuondoa faida ya kuchelewa. Aprili 2019 gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa kuhusu zabuni ya mafuta ya kaunti. Mahakama ikampa dhamana, lakini ikamwambia asikanyage ofisini. Alikata rufaa, na Julai 2019 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo ni sawa. Mwezi huo huo gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, akashtakiwa kuhusu zabuni ya barabara, naye akazuiwa ofisi. Jamani, tazama jinsi mambo yanavyobadilika! Mtu aliyezuiwa ofisi hana sababu ya kupenda kesi ndefu. Kalenda ikipigwa, anayeumia ni yeye.

Na kesi zote mbili zimefika. Lenolkulal alipatikana na hatia Agosti 2024. Waititu alipatikana na hatia Februari 2025. Ndiyo, zilichukua zaidi ya miaka 5 kila moja, muda unaozidi muhula mzima, na sheria inawaruhusu kukata rufaa. Hata hivyo mashahidi walisikilizwa, hakimu akasoma uamuzi, na wananchi wakajua. Yule mpinzani wetu wa mjadala anaposema mkubwa hafungwi, ningependa ajibu kuhusu kesi hizi mbili.

Nne ni sisi. Kesi hupotea watu wakiisahau. Nimeanza daftari dogo ambalo naandika kesi tatu za wakubwa ninazosikia redioni, tarehe ya kila hatua, na aliyeomba kuahirisha. Daftari halimfungi mtu. Lakini miaka miwili ijayo nitakuwa na kitambulisho na kadi ya kura, na mgombea akiniambia "ile kesi ni siasa tu", nitafungua ukurasa.

9. HITIMISHO

Kwa ufupi, tumeona kwamba silaha kubwa ya mkubwa mahakamani ni tarehe. Tumeona kwamba haki ya kutocheleweshewa kesi, iliyotungwa kwa ajili ya mnyonge, inaweza kugeuzwa ngao ya mwenye nguvu, kama ilivyokuwa katika Goldenberg. Tumeona pia kwamba kuchelewa kukikosa faida, kesi hufika.

Methali ya mjadala wetu ni kweli, sheria ni msumeno. Lakini msumeno ulioachwa katikati ya gogo haukati mbele wala nyuma, unashika kutu tu. Kazi ya kizazi chetu ni kuhakikisha unavutwa mpaka gogo lianguke, awe ni gogo la nani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti kati ya kesi "kutajwa" na "kusikilizwa". Kwa nini ni muhimu shahidi ajue tofauti hiyo kabla ya kulipa nauli?

2. "Kawia ufike." "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Tunga kisa kifupi kinachoonyesha methali zote mbili katika kesi moja.

3. Je, mtu mwenye kesi ya ufisadi aruhusiwe kugombea kiti kabla kesi haijaisha? Toa hoja tatu za kuunga mkono na tatu za kupinga. Usipige makofi kabla ya kusikiliza pande zote.

4. Kama ungekuwa hakimu, na wakili wa nne anaomba muda wa kusoma faili, ungemjibu nini? Andika uamuzi wako kwa maneno yasiyozidi mia moja.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu